Mtoto anasinzia darasani asubuhi, jioni anafoka: naomba tuangalie anachokula

Mama Nasri, Chuno, Mtwara

Habari za jioni ndugu zangu. Maelezo yangu ni marefu kidogo, naomba mnivumilie, maana nimechoka kupewa jibu kabla sijamaliza kueleza.

Nina watoto wawili. Nasri ana miaka saba, yuko darasa la pili. Mdogo wake wa kike ana miaka minne. Tunaishi na mama mkwe wangu, mtu wa Newala, na tunaheshimiana vizuri. Baba yao muda mwingi yuko Tandahimba kwenye mikorosho. Mimi nashona nguo sokoni, natoka asubuhi narudi magharibi.

Shida ni Nasri. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba ikifika saa nne mtoto anaweka kichwa juu ya dawati. Hapigi kelele wala hasumbui mwenzie, anasinzia tu. Akirudi nyumbani ni mtoto mwingine kabisa. Ukimwambia avue sare anafoka. Mdogo wake akigusa daftari lake anampiga. Chakula kikichelewa anajitupa chini, kikija anazira. Halafu kuna jambo ambalo mwalimu halijui: anakula udongo. Nyumba ya jirani ina ukuta wa matope ambao haujapigwa plasta, anauchokonoa anatafuna. Juzi nimemkuta na pemba mfukoni, hizi wanazokula wajawazito, kanunua mwenyewe dukani kwa hela ya shule.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema mtoto ana kitu, apelekwe akasomewe. Wifi yangu wa Dar anasema ni sukari, nikiondoa sukari yote ndani ya nyumba mtoto atatulia. Jirani anasema dawa yake fimbo. Mimi mawazo yangu yako kwenye chakula, kwa hiyo naandika anavyokula siku ya kawaida, bila kuficha.

Asubuhi ni chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, na andazi au muhogo wa kuchemsha. Mara nyingi anamaliza chai, andazi analiacha. Anaondoka na shilingi mia tano, na jioni ulimi wake ndio unaniambia ameinunulia nini: barafu nyekundu, ubuyu mwekundu, pipi, siku nyingine kipande cha muhogo wa kukaanga. Saa nane anakula ugali wa muhogo na bibi yake, mboga kisamvu au dagaa. Dagaa anawachambua, anawasukuma pembeni. Na hapo anakunywa chai tena, kwa sababu bibi hali ugali bila kikombe pembeni, na mjukuu hatoki ubavuni kwa bibi. Usiku nikipitia Feri tunapika mchuzi wa samaki wa nazi na wali, lakini mara nyingi chakula kinaiva Nasri amekwisha lala. Nyama ni sikukuu. Matunda ni msimu wa embe.

Naomba kujua: ni kweli sukari ndiyo inamfanya mkorofi? Rangi za barafu zina madhara? Na huu udongo ni tabia tu au mwili unatafuta kitu? Mwenye uzoefu naomba anisaidie. Sitaki mwanangu apigwe kwa jambo ambalo huenda linatibika.

Kaka wa Mikindani

Pole sana dada. Anza na minyoo. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, anakula huku anakonda, usiku anasaga meno. Nenda zahanati wakampime choo na mkojo, usinunue tu kidonge dukani. Huku kwetu watoto wanashinda kwenye madimbwi, kichocho nacho kipo. Muulize kama anakojoa damu, maana watoto wa kiume wanaficha.

Nesi Mstaafu, Masasi

Mama Nasri, mwanangu, umeeleza vizuri kuliko wengi waliokuja mbele yangu kliniki. Nimefanya kazi ya mama na mtoto miaka mingi, na kitu kilichonishtua katika maelezo yako ni udongo, siyo sukari.

Mtoto wa miaka saba anayetafuta udongo, anayesinzia asubuhi na kukasirika kwa kitu kidogo, mimi kwanza namtazama viganja na ndani ya kope la chini. Ukiona weupe badala ya wekundu, mpeleke akapimwe wingi wa damu (hemoglobini, inahesabiwa kwa gramu katika desilita moja ya damu). Hata kama huoni weupe, mpeleke, macho yanadanganya. Kwa umri wa Nasri damu ikiwa chini ya 11.5 tunahesabu kwamba amepungukiwa. Upungufu wa madini ya chuma na kula udongo vinakwenda pamoja mara nyingi sana, na udongo wenyewe unazidisha shida: unazuia chuma kufyonzwa, na mayai ya minyoo yanaingilia humohumo.

Watu wanadhani upungufu wa damu ni kuanguka na kuishiwa pumzi. Huko ni mwisho wa safari. Mapema kabla ya hapo mtoto anakuwa mzito wa kushika somo, anachoka upesi, anakuwa na hasira za karibu. Kazi ya chuma siyo kutengeneza damu tu, ubongo nao unakihitaji. Nimeona watoto wengi wanaoitwa wavivu, na wengine waliokula fimbo kweli, wakati damu ilikuwa tisa.

Siku ya kupima, omba wamwangalie malaria, na choo na mkojo kama kaka wa Mikindani alivyosema. Minyoo ya safura inanyonya damu tumboni kimyakimya, na inaingilia miguuni kwa mtoto anayetembea peku. Kama kuna ndugu mwenye selimundu, au Nasri huwa analalamika mifupa na macho yanakuwa ya njano, sema mapema.

Sasa chai. Chai ya rangi inakamata chuma kilichomo kwenye chakula na kukizuia kuingia mwilini, na kinachoathirika zaidi ni chuma cha mboga, nafaka na maharage. Wewe umeniambia anakunywa asubuhi na chakula chake, na saa nane tena katikati ya kisamvu na dagaa. Yaani chuma chote cha siku kinakutana na chai. Simwambii bibi aache chai yake, hapana. Mtoto apewe maji wakati wa kula. Chai kama lazima, ikae mbali na chakula, saa moja au zaidi, na iwe nyepesi. Mtoto wa umri huu hana haja nayo kabisa.

Kinachofanya kazi kinyume cha chai ni matunda ya uchachu. Ndimu iliyokamuliwa juu ya kisamvu au kunde, kipande cha embe, papai, ubuyu mweupe usiotiwa rangi uliokorogwa kwenye uji. Na sisi watu wa kusini tuna mabibo! Bibo lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa, na kila msimu tunakata korosho tunaacha bibo linaoza chini ya mti, au linakwenda kuwa pombe ya uraka. Mtoto akila bibo bivu lisilopikwa, lililooshwa, pamoja na chakula chake, amepata kitu kikubwa bure. Linachafua nguo, kweli, mvue shati.

Dagaa wasimshinde. Wachambue mchanga, wakaange wakauke bila mafuta, watwange kabisa mpaka wawe unga, tia kijiko kwenye mchuzi wa nazi au kwenye kisamvu. Hatawaona wa kuwasukuma. Dagaa akiliwa mzima unapata chuma, protini na chokaa ya mifupa, na samaki kidogo ndani ya mboga anasaidia hata chuma cha majani kiingie vizuri zaidi. Maini nayo, kipande kidogo mara moja moja, yana nguvu kuliko mnofu.

Kuhusu sukari, wifi yako hana nia mbaya, lakini jambo hili limechunguzwa sana. Marekani walifanya majaribio mengi ambayo mtoto, mzazi na mpimaji wote hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa kitu kitamu kisicho sukari. Mwaka 1995 waliyakusanya majaribio hayo pamoja wakakuta sukari haibadilishi tabia ya watoto. Kuna jaribio jingine la 1994 ambapo akina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari, kumbe hawakupewa. Wakawaona watukutu zaidi. Sukari ya Nasri ina kosa lingine: inamshibisha kwa muda, andazi analiacha, na ikifika saa nne tumbo halina kitu. Meno nayo yanaoza. Punguza, lakini usitegemee kuwa hilo peke yake litamtuliza.

Muuza samaki, Shangani Feri

Shikamoo nesi. Kwa chai na damu nakubali. Kwa haya matamu naomba nipinge kwa adabu. Nina binti wa miaka mitano, akipewa barafu ya rangi au juisi ya unga, usiku halali, anapanda madirisha. Siku asipokunywa ametulia. Mimi nayaona kwa macho yangu, siyo kusikia.

Mama Nasri, ukija Feri usikimbilie changu na nguru, bei zao unazijua. Uliza vibua, au vichwa vya samaki. Kichwa cha samaki mkubwa na nazi na ndimu kinalisha nyumba yenu nzima, na watu wanakidharau. Njoo asubuhi mapema, boti zikishusha bei inaongeleka. Saa tano tayari wachuuzi wamechukua.

Nesi Mstaafu, Masasi

Marahaba, baba. Sikupuuzi. Ulichotaja ni rangi, na rangi nazitenga na sukari.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton huko Uingereza waliwapa watoto wa miaka mitatu na wa miaka minane na tisa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi za viwandani na dawa ya kuzuia kuoza, na siku nyingine kinywaji kinachofanana nacho kisicho na vitu hivyo. Baadhi ya watoto walizidi kuhangaika na kukosa utulivu. Siyo wote, na tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionekana. Kuanzia Julai 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha chakula chenye rangi sita fulani kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Geuza pakiti ya juisi ya unga usome maandishi madogo: E102, E104, E110, E122, E124, E129. Nyingine wanaandika kwa jina, kama tatrazini.

Kwa hiyo huenda binti yako ni mmoja wa wale wanaoguswa. Mwondolee, hakosi lishe yoyote kwa kukosa barafu nyekundu. Na kwa Nasri pia ningeondoa, ila nisingekaa nikisubiri barafu iponye kitu ambacho nadhani ni damu.

Mwalimu, Lindi

Nafundisha darasa la kwanza. Naomba niongeze kuhusu saa nne, kwa sababu saa nne ndiyo naijua.

Mtoto anaamka saa kumi na moja na nusu, anakunywa chai, anatembea. Saa mbili darasani bado mchangamfu. Baada ya hapo unawaona mmoja mmoja: kwanza wanakuwa wakali, wanagombania kifutio, kisha wananyamaza. Wazazi wetu walipokubaliana kuchanga mahindi na shule ikaanza kupika uji, kipindi cha tatu kikawa kipindi cha kufundisha. Msimu wa minada ya korosho michango inakuja vizuri. Ikifika Februari na Machi, nyumba zikiwa hazina kitu, uji unasimama na usingizi unarudi. Hao ni watoto walewale na mwalimu yuleyule.

Kama shule ya Nasri haina uji, mama, hiyo mia tano igeuze. Mfungie muhogo wa kuchemsha na karanga, au yai. Karanga ziwe kavu, safi, zisizo na ukungu, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Na mwambie mwalimu wake kuhusu udongo. Sisi tukijua tunaangalia mtoto kwa jicho jingine.

Mama Nasri, Chuno, Mtwara

Nawashukuru sana. Nimekwenda kupima. Damu 9.2. Choo kimeonyesha minyoo ya safura, malaria hana, mkojo safi. Amepewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Nililia pale pale kwenye benchi. Mtoto alikuwa anaumwa na watu wanasema apigwe.

Mama mkwe nilimweleza kama nesi alivyoandika, nikamsomea polepole. Alinyamaza sana. Kisha akasema zamani kwao Newala watoto walikuwa wanakunywa uji wa mtama asubuhi, wanakula njugu mawe, kunde, ming'oko ya porini, na panya wakipatikana, chai ilikuwa ya wageni. Kesho yake ameniagiza mtama. Sasa ndiye anayepika uji, anatia ubuyu mweupe, na anamwekea Nasri maji kwenye kikombe kama chake ili mtoto asinune. Amesema kisomo kitasomwa na dawa zitaliwa, na mimi sina neno juu ya hilo.

Nina swali la unga. Unga wetu wa muhogo unatoka kwao Newala, ni muhogo mchungu, unakuja tayari umesagwa. Chumvi pia ni ya mawe, ya mabwawani huku pwani, tunanunua kwa kopo. Je, hivi navyo niviangalie?

Nesi Mstaafu, Masasi

Umefanya vema sana, na huyo mama mkwe wako nimpe salamu zangu kwa heshima. Mtama na njugu mawe si vyakula vya umaskini. Virudi mezani.

Ndiyo, viangalie vyote viwili, na ujue vinahusiana.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Wazee wanajua kuiondoa: unamenywa, unalowekwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndipo unaanikwa. Hatari inakuja mwaka wa njaa, au mtu akiwa na haraka ya kuuza, anamenya na kuanika makopa tu bila kuloweka. Jua peke yake kwenye vipande vinene halitoi sumu yote. Mwili unaweza kuivunja sumu kidogo inayobaki, lakini unaivunja kwa kutumia protini. Nyumba inayokula ugali huo na dagaa, kunde au njugu ina kinga. Nyumba inayokula ugali huo na majani matupu, wiki baada ya wiki, haina. Ndipo unasikia mtoto mzima amelala vizuri, asubuhi miguu imekakamaa, na hairudi tena. Ugonjwa unaitwa konzo, na miaka ya mwanzo ya 2000 ulionekana humu humu mkoani Mtwara. Nawaomba wote wanaosoma hapa: mtoto akianza kujikwaa ghafla, miguu yote miwili kuwa mizito, msisubiri, nendeni hospitali.

Wewe muulize anayewaletea unga: muhogo huu mliuloweka siku ngapi? Usione haya kuuliza. Usipopata jibu la uhakika, loanisha unga kwa maji kidogo mpaka ushikane, utandaze mwembamba kwenye sinia au jamvi safi, acha juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu iliyobaki nyingi itatoka na hewa. Kisamvu nacho kitwangwe kweli kweli na kichemke sana, sufuria ikiwa wazi.

Chumvi sasa. Sumu ya muhogo mwili ukiivunja unabaki na kitu kinachozuia madini joto yasifanye kazi. Mtu anayekula muhogo kila siku anahitaji madini joto kwa uhakika, na chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo mara nyingi haikutiwa. Madini joto yakipungua siyo rovu la shingoni tu, uelewa wa mtoto unashuka, na mama mjamzito akiyakosa mtoto anaathirika akiwa bado tumboni. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Chumvi isizidi, ni hiyo kidogo mnayotumia, ila iwe na madini.

Vidonge vya Nasri: ampe mtu mmoja tu, wewe au bibi, asije akapewa mara mbili. Ameze kwa maji au maji ya ndimu, asimeze kwa chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, msiogope. Akichefuka, apewe baada ya chakula. Msiache akichangamka, kwa kawaida vinaendelea kama miezi mitatu ili akiba ijae, mfuate mlivyoandikiwa na arudi kupimwa tarehe waliyowapa. Na vifungie juu kabisa, kabatini. Yule mdogo wa miaka minne akivila vingi akidhani pipi vinaweza kumuua.

Mama Nasri, Chuno, Mtwara

Nimevifungia. Kuhusu huyo mdogo, naye hali vizuri, ila udongo hali. Apimwe damu au nimwache?

Nesi Mstaafu, Masasi

Apimwe. Wanakula chungu kimoja na wanacheza uwanja mmoja. Kwa umri wake tunaanza kuhesabu upungufu chini ya 11. Nenda na kadi yake ya kliniki waangalie kama alipata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo Juni au Desemba iliyopita, maana mpaka atimize miaka mitano anastahili kila baada ya miezi sita. Na wote wawili watafutie ndala.